Nyasi za Kituo cha Saba

Mjukuu wangu wa kike haamini kitu mpaka akione mara mbili, na kosa ni langu. Nilimlea tangu ana miaka minne, nikamlisha uongo mwingi kuliko maziwa. Nilimwambia nilizaliwa na meno yote nikamng'ata mkunga. Nilimwambia babu yake aliwahi kupiga chafya akaezua paa la jirani. Siku hiyo alitoka kimya kimya, akaenda kwa jirani, akarudi amekunja uso kama karani wa mahakama.

"Bibi, jirani anasema paa lake halijawahi kung'oka."

"Alikuwa amelala."

Hakuniamini tena. Akawa mtoto wa kuhakikisha. Nikisema kisima kina kamba ya mita ishirini, anakwenda kuipima. Alipokua akasoma, akasoma tena, akarudi mwalimu wa ramani katika chuo cha hapa mjini, chumba cha mwisho kwenye korido, kompyuta kumi na mbili na feni moja inayolia kama mbuzi aliyefungiwa.

Nililiona darasa lake siku niliyompelekea funguo alizosahau mezani. Ukutani kulikuwa na picha kubwa iliyopigwa na setilaiti kutoka huko juu, nyekundu tupu. Moyo ulinilipuka, nikadhani kumechinjwa watu.

"Hiyo nyekundu ni majani mabichi, Bibi," akaniambia mbele ya wanafunzi wote. "Tumeyapa rangi ya bandia ili yaonekane vizuri. Maji ndiyo meusi."

"Na watu wenye adabu wana rangi gani? Maana sijakaribishwa kiti."

Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka, lakini kiti kililetwa.

Kutokana na picha kama zile anawafundisha kuchora ramani ya kuonyesha ardhi imefunikwa na nini: msitu, mashamba, nyasi, maji, majengo, ardhi tupu, kila kimoja na rangi yake. Wakimaliza, linakuja lile analolipenda kuliko yote. Anaweka vituo kumi na viwili juu ya ramani, anawagawia wanafunzi wawili wawili, nao wanakwenda kwa miguu kutazama kama ramani imesema kweli. Sheria yake ni picha tano kila kituo: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, na ya tano ni ya miguu yako mwenyewe, ili ajue umesimama pale pale. Aliyesimama pembeni hapati maksi.

"Karibu na kituo si kituo," huwaambia. Wanafunzi humwiga nyuma ya mgongo wake, mpaka na ule mkono anaounyoosha.

Jumamosi moja wawili walipita nyumbani asubuhi kuchukua karatasi yao na kamba ya kupimia, ile ndefu inayozungushwa kwenye gurudumu. Mmoja ni msichana mwembamba ambaye wenzake wanamwita Sentimita, kwa vile hakadirii kitu, anapima. Mwingine ni kijana wanayemwita Kesho. Jina hilo halihitaji maelezo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu. Kesho, leo umefika leo? Kuna nini?"

"Nimeburutwa, Bibi. Tunakwenda kusimama kwenye nyasi tupige picha miguu yetu. Hiyo ndiyo elimu ya juu."

"Twende," Sentimita akamwambia, "tumeshachelewa dakika sita."

Wakaondoka saa mbili. Nikawatazama mpaka wakakata kona, bila wasiwasi wowote. Hilo bado linaniuma.

Saa nne kasoro nilimletea mjukuu wangu chai. Alikuwa amejaza meza karatasi, na katikati ametandaza picha kubwa ya mji wetu, kali kweli kweli. Mimi sijui kusoma, lakini nyumba yangu naijua hata nikiitazama kwa utosini. Nikaiona, na lile tangi la maji lililoinama. Nikapeleka kidole barabarani: mashine ya kusaga hii hapa, kona hii hapa, tanuri la matofali lililokufa hili hapa. Nyuma ya tanuri kulikuwa na kiraka cha mviringo, laini, na juu yake nukta na namba.

"Hii namba gani?"

"Saba. Usiweke kikombe hapo, Bibi."

"Wamekwenda kina nani?"

"Sentimita na Kesho. Ni nyasi tu, kituo rahisi."

"Hapa si nyasi. Hapa ni shimo."

Hakuinua hata kichwa. "Najua. Lile lililomeza trekta."

Hapa lazima nieleze. Alipokuwa mdogo nilimwambia nyuma ya tanuri kuna shimo lililomeza trekta zima na dereva wake, na kwamba redio ya dereva iliendelea kuimba chini ya maji mpaka betri zikaisha. Yeye, kama kawaida yake, akaenda kuuliza. Akaambiwa mji huu haujawahi kupoteza trekta. Basi akalifuta trekta na shimo lake lote.

"Mjukuu wangu, nisikilize. Trekta nilitunga. Shimo sikutunga."

"Bibi, tafadhali, nina kazi."

"Nilibeba matofali pale nikiwa mwari. Wanaume walichimba udongo mpaka ukimtazama mtu huko chini unaona kofia tu. Tanuri lilipofungwa mvua zikajaza. Magugu maji yakafunika, majani yakaota juu ya magugu. Nilimwona ndama akiingia kula. Alitembea hatua tano, sita. Halafu hakuwepo. Majani yakajifunga juu yake kama mlango."

"Na ndama naye alikuwa na redio?"

Miaka yote nilikuwa nikisema uongo na watu wanatega masikio. Siku hiyo nasema kweli, na sauti yangu mwenyewe naisikia ni ya uongo. Watoto wa watu wako njiani, na mimi nimesimama na birika mkononi sina neno lingine la kuongeza.

Ndipo nikaiona njia. Ilikuwa uzi mweupe tu kwenye picha, ile njia ya miguu inayotoka kwenye tanuri. Inakwenda imenyooka, inafika kwenye kile kiraka, inakizunguka chote, halafu upande wa pili inanyooka tena.

"Mbona njia inazunguka?" nikamuuliza.

"Njia gani?"

"Hii. Watu wana mizigo kichwani, jua linawachoma, halafu wazunguke nyasi? Wanaziogopa?"

Akatazama. Akavuta picha karibu. Nikamwona anatazama mara ya pili, maana ndivyo alivyo. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta picha nyingine ya mahali pale pale, ya mwaka ule wa ukame ulioua majani na magugu yote. Vidole vyake vilikosea mara mbili. Picha ikafunguka. Kile kiraka kilikuwa cheusi kama tundu.

"Maji ndiyo meusi," nikasema. Somo nilikuwa nimelishika.

"Nilitumia picha ya mwezi mmoja tu," akasema. Hakuwa akisema na mimi. "Mwezi mmoja tu. Magugu yakaonekana nyasi. Mungu wangu, nimewaambia wasimame juu yake."

Akapiga simu. Ya Kesho ilikuwa imezimwa. Ya Sentimita iliita, ikaita, ikakatika yenyewe.

Jirani yetu ni fundi seremala mwenye gari la kubebea mbao. Tulimkuta anapiga randa. Aliponiona nakimbia bila viatu akaanza kutabasamu.

"Bibi, leo simba kaingia wapi?"

"Fundi," mjukuu wangu akasema, "leo anasema kweli."

Fundi akamtazama usoni, akaitupa randa chini. Gari lilikuwa na mbao nyuma na kamba ya kuzifungia. Hatukushusha kitu.

Njia nzima mjukuu wangu alipiga simu. Kwanza aliwapigia wanafunzi wengine wote, mmoja mmoja: "Simama ulipo. Usisogee. Rudi ulikotoka." Akimaliza mmoja anarudi kwa Sentimita. Inaita. Nilishika mlango wa gari na kuhesabu miito, na kila ulipoisha nilimwona yule ndama. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba baada ya majani kujifunga yalitikisika kwa muda. Kila niliposimulia niliweka trekta badala yake. Trekta halina macho.

Tulifika kwenye tanuri. Mjukuu wangu alikuwa bado na simu sikioni, na tuliposhuka tukasikia muziki mdogo unalia kwenye majani. Ulitoka kwenye mkoba wa Sentimita. Mkoba ulikuwa peke yake ukingoni, na viatu viwili vimepangwa kando yake vizuri.

Nikashika ukuta wa tanuri.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Kesho. "Huku! Siwezi kumvuta! Nikivuta inataka kukatika!"

Kesho alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kamba ya kupimia ameizungushia mkononi mpaka imemchana kiganja. Kamba ilikwenda ndani ya ule ujani. Kule mwisho wake alikuwa Sentimita, amezama mpaka kwapani, mikono ameitanua juu ya majani. Alikuwa ameifunga kiunoni ili apime umbali kutoka ukingoni, vile ramani ilivyomwambia. Kila alipopumua, zile nyasi zote zilipanda na kushuka kama godoro.

Mjukuu wangu aliruka. Nilimdaka gauni, likachanika begani.

"Niache, Bibi!"

"Ukikanyaga wanakuwa wawili! Lala! Pale mtu anapita kwa kulala!"

Fundi alikuwa ameshaelewa. Akasukuma ubao juu ya majani, akaunganisha wa pili, mimi nikakalia ncha iliyo nchi kavu. Uzito wangu ulipata kazi siku hiyo. Mjukuu wangu akalala juu ya mbao na kamba nene mdomoni, akaanza kutambaa. Maji yalipanda juu ya ubao, meusi, yakamlowesha tumbo. Huyo ni mtoto niliyemfundisha kuoga kwa kumdanganya kuwa beseni lina samaki. Nikafumba macho, nikafumbua, maana kufumba kulikuwa kubaya zaidi.

Sentimita akaanza kutapatapa.

"Bibi," akaniita, sauti kama ya mtoto wa miaka mitatu, "sigusi chini."

Ningemwambia nini? Kwamba nimeona watu wakichimba pale na kuonekana kofia tu?

"Chini pako hapo hapo, mwanangu," nikamwambia. "Ni kiunoni tu. Umekunja miguu kwa uoga. Usiitafute ardhi, usipige mateke. Tulia itakuja yenyewe. Nilishatembea hapo mimi nikiwa na mimba ya miezi minane, na tofali kumi na mbili kichwani."

"Kweli Bibi?"

"Nikudanganye nina faida gani?"

Akatulia. Fundi alinitazama. Ubao ukatikisika chini yangu, na mjukuu wangu akamfikia, akampitisha kamba chini ya kwapa, akafunga fundo. Halafu tukavuta, fundi na Kesho na mimi nimeketi, tukavuta taratibu, mpaka yule msichana akatoka mle kama mtoto anavyozaliwa, na matope yakapiga kelele mbaya ambayo bado naisikia nikimwaga maji ya kufulia.

Alikaa ukingoni anatetemeka. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, kituo kilikuwa mbele yangu mita nne tu."

"Nilimwambia tupige picha hapa pembeni," Kesho akasema, analia waziwazi. "Nilimwambia, Mwalimu. Akasema karibu na kituo si kituo."

Mjukuu wangu alikaa chini kwenye matope na lile gauni lililochanika, akaiweka mikono yake juu ya kichwa.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo, akaeleza yote kabla hajaulizwa. Kisha akaibandika ramani yake ukutani, akaichora duara jekundu mwenyewe kwenye kituo cha saba, na kuwafundisha wanafunzi kosa lake: picha ya mwezi mmoja, nyasi zisizo na ardhi, njia inayozunguka bila sababu. Ile sheria ya miguu aliifuta. Ukuta huo niliuona. Alipounyoosha ule mkono wake, hakuna aliyeuiga.

Lakini mimi ndiye niliyeadhibiwa. Siku hizi, kabla hajamtuma mtu popote, anatandaza picha mezani, ananivutia kiti, anaweka kidole kwenye kituo kimoja kimoja.

"Hapa je, Bibi?"

Ananitazama na kalamu mkononi. Ninachosema anakiandika. Hajui anavyonitisha. Juzi alifika kituo cha kumi na moja, kiraka cha kijani nyuma ya bwawa la zamani, upande ambao sijawahi kupita maishani mwangu. Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na nyoka mzuri wa kuweka pale, mwenye masikio.

"Bibi? Nyasi au si nyasi?"

Nikaviona vile viatu viwili vimepangwa ukingoni.

"Sijui," nikasema. "Usimpeleke mtoto wa mtu. Twende mimi na wewe kwanza, na mbao za fundi."