Kurasa Zilizoshonwa za Mama Nabintu

Kilichoniondoa Louisville ni mdomo wangu. Kiangazi kilichopita sisi wahamiaji wa bustani ya Highview hapa Louisville, wenzetu wa Columbus na wale wa Buffalo tulipeleka lengalenga, yaani mchicha, wiki ileile kwenye duka lilelile la Buffalo. Nyingi zikaoza. Kikaoni nikajitia mjuzi: shemeji yangu yuko kwenye shamba la peasi Ubelgiji, na huko wakulima, viwanda na maduka wanapeana habari za mavuno kwa kompyuta, ila kila mkulima ndiye anayechagua nani asome nini. Nasi tufanye hivyo kwa daftari la tarehe za kupanda, nikasema, lizungushwe bustani zote tatu.

“Bon, peleka weye daftari yetu,” akasema Mama Nabintu. “Weye hautokaka mu nyumba. Siri utaambia nani, kochi?”

Mama Nabintu huvuna mapema kuliko sisi sote, na hajawahi kusema anafanyaje. Aliruhusu tarehe zake za kupanda zionekane. Kurasa zake nyingine akazishona pamoja kwa uzi mwekundu.

“Uzi ukikatika, mi natoka mu kikundi.”

Akitoka yeye, nusu ya akina mama wanamfuata, na sisi tunarudi kuozesha mboga.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nikapanda basi. Nilibeba mto wangu, blanketi, kandambili na chapati sita, utadhani nahama. Chapati hazikufika Cincinnati.

Columbus, mchana. Baba Amani, mwenyekiti wa huko, alinilisha ugali na samaki, kisha akalibonyeza daftari kama anayechagua parachichi.

“Fungua kidogo tu, kaka. Mushono moja.”

“Mke wangu mwenyewe sijamfungulia.”

“Donc, kumbe hatuaminiane?”

“Nikikufungulia ya Mama Nabintu, kesho si nitamfungulia mwingine ya kwako?”

Akacheka mpaka akakohoa. Tukapeana tarehe.

Jumapili, baada ya ibada, basi la Buffalo. Nilililalia daftari ili lisiibwe. Akili ya mtu wa kochi hiyo.

Buffalo, Jumatatu asubuhi. Ni Aprili, na nje theluji inaanguka bila aibu. Sebuleni kwa Mama Riziki, Mrundi anayeongoza wakulima wa mtaa wa East Side, nikatoa daftari. Mshono mmoja umekatika, uzi unaning’inia. Nikamweleza sharti la Mama Nabintu.

Mama Riziki akaleta sindano na uzi mwekundu. “Lete nikushonee, baba. Hatajua.”

Nilitamani, sitadanganya. Nikakohoa, nikasema, “Hapana, mama. Nitamwambia nililala juu yake.”

Akarudisha sindano kwenye kopo. “Mwaka jana hatukutaka kumpa mtu tarehe zetu. Wewe chukua.”

Louisville, Jumanne jioni. Sikupita hata nyumbani. Nilimkuta Mama Nabintu jikoni kwake, nikamwonyesha uzi, nikakiri usingizi wangu wote. Akahesabu mishono. Kisha akachukua mkasi, akakata iliyobaki, akafungua.

Kurasa zilikuwa nyeupe. Hakuna hata nukta.

“Mama! Nimelinda nini siku nne hizi?”

“Njo ivyo. Yangu iko mu kichwa. Nilitaka kwanza kuona mutu anabeba namna gani.” Akanisukumia kalamu. “Bon, andika. Mbegu naipanda mu ndoo, karibu na dirisha, mbele ya baridi kuisha. Ukimaliza, utapeleka Buffalo weye mwenyewe.”

Niliandika polepole sana. Nimejifunza kwamba mtu akishaaminiwa, kochi lake hawezi kulirudia upesi.