Msaidizi Mzuri wa Shule ya Rumonge

Wasomaji wangu, yule msaidizi wa shule ya serikali hapa Rumonge, niliyewahi kuwasimulia jinsi alivyopenda chai ya tangawizi, amefariki. Malale yalimchukua polepole. Kwanza alisinzia mbele ya watoto, kidole chake kikiwa bado juu ya herufi aliyoichora mchangani. Baadaye akasinzia nyumbani, na Ijumaa asubuhi hakuamka tena. Nimehuzunika sana, wala sioni haya kusema. Tangu tumzike, hata ziwa nalitazama kama mtu aliyelala mchana akaamka hajui yuko wapi, basi mnisamehe nikitangatanga.

Shule yetu ina mwalimu mmoja, aliyeletwa na cheti chake kutoka pwani, na ina kiti kimoja. Wasaidizi hukaa mkekani pamoja na watoto. Marehemu ndiye aliyewaonyesha wadogo herufi za kwanza. Wengine wakatoka mikononi mwake wakawa makarani na wakalimani, nao wakikutana naye njiani humwita "msaidizi", kama walivyosikia wakubwa wakimwita. Alitamani jambo moja tu, aitwe mwalimu kabla hajafa. Siku moja bwana mkubwa wa Kidachi, Mjerumani wa serikali, alikuja kukagua shule, na marehemu akasimama kwa adabu. "Bwana, askari akitumika muzuri anakuwa ombasha, kisha shaushi. Musaidizi akitumika muzuri, anakuwa nani?" Mkalimani akalipeleka swali, akarudi na jibu: "Anakuwa msaidizi mzuri." Watu walicheka, naye akacheka nao, kisha akarudi kukaa kwenye mkeka wake.

Asubuhi tulizoea kukaa ufukweni wavuvi wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na hapo ndipo aliponieleza ngazi ya mtumbwini. Kijana mgeni huanza kwa kumwaga maji yanayoingia. Akizoea hupewa kasia, halafu mwenge wa kuwavuta samaki, na mwisho hushika wavu. Hakuna anayeomba. Aliye mbele akichoka hurudi nyuma na kumwambia anayemfuata, "Ingia." "Mu mutumbwi iko vile," aliniambia, macho yake yakielea kwenye milima ya Kongo ng'ambo. "Ku shule, mimi niko namwaga maji tu, mwaka hata mwaka. Na maji haiishi." Nikamuuliza mbona hahami, maana tajiri mmoja wa Minago alimtaka awe karani wake. Aliwatazama wavuvi mpaka wakamaliza kutandaza ndagala zao. "Ndugu yangu, na batoto nitabaachia nani?" Karibu na mwisho, usingizi ulipokuwa unamchukua hata katikati ya maneno, alinisimulia ndoto: amesimama mbele mtumbwini, ameshika wavu mzito, na humo ndani hamna samaki, mna herufi zinang'aa. Alitabasamu, akasinzia tena.

Nimeiwaza sana ndoto ile. Ofisi zetu hizi mpya zinajua kuajiri na kufukuza, kupandisha hazijui. Mgeni mwenye cheti huingia kwa mlango wa mbele, na aliyeishika kazi tangu asubuhi ya kwanza hubaki palepale alipowekwa. Husemwa kwamba mvumilivu hula mbivu, nami nakubali, ila mbivu nazo zina mwenyewe, na mwenyewe asipogawa huoza mtini. Marehemu alivumilia kupita sote. Hilo linaniuma.

Tulimpeleka makaburini kwa desturi yetu: aliye nyuma husogea mbele, wa mbele humpisha, na jeneza huenda bila kusimama. Mwalimu wa shule alishika mbele kabisa, na kwa huzuni, nadhani, hakuachia. Tukapita nyumba za mafundi, tukapita michikichi, bado bega lake lilikuwa palepale. Nyuma yake alikuwepo mvuvi mmoja wa Gatete, aliyejifunza herufi kwenye ule mkeka. Alingoja, alingoja, kisha akamgusa mgongoni taratibu.

"Mwalimu, upishe kidogo. Na sisi tumubebe mwalimu wetu."

Mwalimu aligeuka, uso umelowa machozi. Akatoa bega, akarudi nyuma, na mvuvi akaingia.

Basi, wasomaji wangu, ukijaliwa kuwa mbele, geuka mapema umwone aliye nyuma yako na umwambie, "Ingia." Usingoje mpaka uwe umembeba.