Kifungu cha Nne cha Kiapo

Siku hizi nikisafiri kwenda nyumbani hubeba pasipoti mbili. Pale uwanja wa ndege wa Dulles natoa ya Marekani, na nikishuka Nairobi natoa ya Kenya, nasimama kwenye foleni ya wananchi kama mtu mwingine yeyote. Wenzangu wa hapa Springfield hunitania kwamba mimi na paka ni ndugu, ila yeye ana roho saba na mimi nina mbili tu. Huwa nacheka nao. Sijawahi kumweleza yeyote jinsi ile ya pili ilivyopatikana, na leo nataka kuieleza ilivyokuwa, bila kujipamba.

Nilikula kiapo cha uraia wa Marekani kabla ya katiba mpya ya kwetu, wakati ambapo ukichukua uraia wa nchi nyingine, wa Kenya umeupoteza. Nilijua hivyo na bado nikaapa. Nilikuwa na mtoto mchanga, kazi ya kuhudumia wazee katika makao yao, na hofu ya kurudishwa Kenya. Sheria ilipobadilika, ikawa aliyezaliwa Kenya anaweza kuomba uraia wake urejeshwe, nikasema nitaomba mwaka ujao. Miaka ikapita. Nyumbani nilikwenda kwa viza, nikapanga foleni na watalii waliovaa kofia za kwenda kutazama wanyama, na nilipoulizwa nimekuja kwa shughuli gani nilijibu kwamba nimekuja kumsalimu baba yangu.

Watu walidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu. Kuomba kulitaka niweke mezani cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Marekani kwa pamoja, na karatasi hizo mbili hazikupatana. Cheti kina majina matatu: la ubatizo, la nyanya aliyemzaa baba, na la baba mwenyewe. Pasipoti ya Marekani ina mawili tu. Kwenye fomu ya uraia palikuwa na sehemu ya kuuliza kama mtu angependa kubadilisha jina, na mimi, kwa mkono wangu, bila kushurutishwa na mtu, niliacha la baba.

Baba hakujua. Kwenye simu alikuwa akiniita kwa jina la mama yake, kama alivyoniita tangu utotoni, na barua hatukuandikiana.

Kisha binti yangu akahitimu chuo kikuu kule Fairfax, na baba akaja kuona. Umri wake ulikuwa unakaribia themanini. Alikuwa amefanya kazi ya karani wa korti katika mji wetu mdogo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi iliyompitia mikononi zaidi ilikuwa hati za kiapo: wajane, wenye mashamba, watu ambao kitambulisho kinasema hivi na cheti kinasema vile. Alishuka kwenye ndege amevaa suti, mkononi ameshika faili ya plastiki. Nilidhani ni karatasi zake za hospitali.

Siku mbili baada ya sherehe aliifungua ile faili kwenye meza ya jikoni. Ndani mlikuwa na barua ya wakili. Alikuwa amegawa shamba lake, na sehemu yangu ilikuwa sawasawa na ya kaka zangu, ekari moja na nusu upande wa mtoni. Kwetu si kila baba humkumbuka binti katika mambo hayo, na wangu hakunikumbuka tu, alinipa upande ulio na maji. Kilichobaki ni kimoja. Sheria haimruhusu mgeni kumiliki shamba, na mimi kwa karatasi nilikuwa mgeni.

Aliniambia niende nikarudishiwe uraia wangu wakati yeye bado ana macho ya kusoma hati, na kwamba tutaenda pamoja. Nikamwambia hakuna haja ya kujisumbua, njia ni ndefu, joto ni kali. Alikuwa ameshapiga shati pasi.

Ningemwambia palepale. Sikumwambia. Nilimweleza binti yangu tukiosha vyombo, naye akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni heri babu ayasikie kwangu kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Nilimkaripia vibaya sana, kwa sababu alisema kweli.

Tulipanda treni ya Springfield kwenda mjini, kwenye ubalozi wa Kenya. Ofisa wa dirishani ubalozini alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Aliweka cheti na pasipoti bega kwa bega, akavitazama, akasoma majina kwa sauti, kwanza ya huku, halafu ya huku.

"Madam, haya majina hayamatch," alisema. "Huku uko na la baba, huku hakuna. Ni kama watu wawili tofauti."

Akaeleza kwamba patahitajika hati ya kiapo, na kwamba kama mzazi yu hai, ingefaa zaidi aape yeye. Akauliza kama ninaye. Nyuma yangu nikasikia kiti kikilia. Baba alikuwa amesimama na kufunga kifungo cha koti.

"Niko," alisema.

Aliomba aione ile pasipoti. Alivaa miwani, akausoma ukurasa wangu kutoka juu hadi chini bila haraka, vile alivyozoea kusoma karatasi za watu. Akaifunga na kunirudishia kwa mikono miwili.

Kwenye treni ya kuja alikuwa ameuliza jina la kila kituo. Wakati wa kurudi hakuuliza lolote, alitazama giza la handaki. Tulipotokeza juu upande wa Virginia alisema jambo moja tu.

"Angalau mama yangu hukumtupa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kiti nilichokalia.

Siku tatu zilizofuata alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinishukuru kwa kila kikombe cha chai. Baba yangu si mtu wa kushukuru kwa chai, chai kwake ni haki yake. Alikaa dirishani akitazama magari yanavyopishana kule kwenye barabara kuu, na nikiingia chumbani alinisogezea kiti kana kwamba mimi ndiye mgeni. Heri angefoka. Mimi mwenyewe nina hasira za karibu, na hasira ninaijua, naweza kusimama mbele yake. Adabu ile sikujua niishike wapi.

Jumamosi, baada ya kifungua kinywa, aliniambia nilete kompyuta. Alisema ile hati haitajiandika yenyewe.

Akaanza kunitajia maneno ya kuandika kwa Kiingereza cha korti, kile kizito ambacho hakijui kufupisha. Kifungu cha kwanza, kwamba yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu. Cha pili, kwamba yeye ndiye baba mzazi wa fulani, na hapo akataja majina yangu matatu polepole, akingoja nimalize kuandika moja kabla ya kutaja jingine. Cha tatu, kwamba mwenye majina matatu na mwenye majina mawili ni mtu mmoja. Hakutazama karatasi yoyote. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, vidole vikicheza kama vinapiga mashine ya chapa.

"Kifungu cha nne," alisema. "Kwa nini jina halipo. Lazima kuwe na sababu, la sivyo wataikataa."

Majibu nilikuwa nayo tayari, nimeyaweka akiba kwa miaka. Nikamwambia Wamarekani walishindwa kulitamka. Akauliza kama la nyanya wanaliweza. Nikasema kwa taabu.

"Basi si hiyo," alisema.

Nikamwambia. Pale nilipokuwa nahudumia wazee kulikuwa na kipaza sauti cha kutuitia kazini. Aliyekuwa akituita alikuwa akilivunjavunja jina la baba kwa makusudi, kila mara namna yake, mpaka likawa mchezo wa zamu nzima.

"Walikuwa wakilicheka, Baba. Na mimi nilikuwa nikicheka nao. Siku moja nikalitamka mwenyewe vile walivyolitamka, ili wacheke zaidi."

Hakuna aliyenituma. Nilimweleza kwamba baada ya siku ile sikuweza tena kulisikia. Nililionea aibu, kisha nikaona aibu kwa sababu nililionea aibu, na fomu ilipokuja nikaona afadhali liondoke.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi. Nilikuwa na hakika ataniambia niandike hayohayo, kwa kuwa ni mtu wa ukweli, na nilikuwa tayari kuyaandika.

"Andika hivi," alisema. "Jina liliachwa kwa makosa ya karani."

Sikuandika. Katika miaka yote ya kazi yake, hakuna maneno yaliyomkera baba kama hayo. Kila aliyekuja na karatasi zilizogombana alimsingizia karani, na baba alikuwa akirudi nyumbani na hasira hiyo mpaka kwenye chakula. Alisema karani huandika alichoambiwa, na mwenye kosa ni mwenye jina. Waliosema vile aliwarudisha kwenye benchi wakae mpaka watakapokuwa tayari kusema kweli, na wengine walikaa hadi korti inafungwa. Kujisifu hakukuwa tabia yake, lakini jambo moja alijisifia: kwamba hakuna hati iliyotoka mezani kwake ikiwa na uongo anaoujua.

"Baba, si kweli," nilisema.

"Anayeapa ni mimi, si wewe. Andika."

Nikaandika.

Tulikwenda kuitia sahihi katika duka la kutuma vifurushi, ambako kuna mwanamke mwenye muhuri wa kuthibitisha hati. Tulisimama katikati ya maboksi. Alimwuliza baba kama anaapa kwamba yote aliyoyaandika ni kweli. Baba akainua mkono wa kulia, juu kuliko ilivyohitajika, akasema anaapa, kwa sauti ya mtu aliyewaapisha wengine maisha yake yote. Mimi nilikuwa kando yake. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, na nikaimeza. Nililitaka lile shamba, na kuliko shamba nilitaka jambo lile lifungwe pasiwe na mtu wa kunisomea tena nilichofanya. Muhuri ukapigwa.

Ndani ya gari mkanda ulimshinda, kama kila siku, nikamfungia. Nikamwambia ameapa uongo kwa ajili yangu.

"Nimeapa kwamba wewe ni mwanangu," alisema. "Pale kwenye kifungu cha nne walitaka tu pajazwe."

Nikawasha gari. Hata radhi sikumwomba.

Alirudi nyumbani baada ya majuma mawili. Uraia ulirudishwa, na pasipoti ikachukua miezi. Siku niliyoipata niliketi nayo ndani ya gari nje ya kazi, nikampigia. Kwake ilikuwa jioni. Nikamwambia imefika. Akasema vizuri, sasa wakili aendelee. Nilidhani atakata, maana baba huhurumia pesa za simu hata kama aliyepiga ni mwingine. Badala yake akauliza wameandika jina gani. Nikamjibu kwamba wameandika sawasawa, yote matatu.

"Nisomee," alisema.

Nikafungua ukurasa, nikamsomea, moja baada ya jingine, nikamalizia na lake. Nilidhani simu imekatika, nikamwita. Akaitika kwamba yupo, kisha akaniambia nisome tena.