Mama Levire

Mume wangu alikuwa Mkasai, mtu wa jimbo la Kasai, nami ni binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga. Kabla ya Katanga kujitenga na Kongo, tofauti hiyo ilikuwa ya kutaniana tu. Yeye alisema sisi tunakunywa pombe ya munkoyo hata kwenye mazishi. Mimi nilimjibu kwamba Mkasai akianguka mtoni hutoka na samaki wa kuuza. Baada ya kujitenga, utani ukaisha. Vijana walizunguka mtaani kwetu wakiuliza nani anatoka wapi, wakiwafukuza Wakasai, na nyumba tatu za majirani zikabaki wazi, milango ikipigwa na upepo. Niliogopa. Sitatafuta neno zuri zaidi: niliogopa tangu kuamka hadi kulala.

Tulifanya kazi pamoja katika duka la mikate la Mgiriki mmoja, yeye kwenye kukanda, mimi kwenye kuosha mabati na kupima madonge ya unga. Kilichomlinda mume wangu ni karatasi. Kila Jumatatu Patroni, ndivyo tulivyomwita yule Mgiriki, aliandika kwamba mtu huyu ndiye anayetunza hamira, na bila yeye mji hautapata mkate. Majandarme, askari wa Katanga, kwenye vizuizi vya barabarani waliisoma, wakamkazia macho, wakampisha. Karatasi ilidumu wiki moja tu. Mkate ukikataa kuumuka, hakuna karatasi.

Na mkate ulikataa. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, kwa hiyo waokaji hawakuweza tena kuja saa nane za usiku kukanda. Patroni akaamua tukande mchana, madonge tuyagandishe kwenye chumba cha baridi cha bucha ya jirani, asubuhi tuyatoe tuyaoke. Wazo zuri, ila hamira hakuna aliyeiuliza. Madonge ya kwanza yaliyotoka kule yalikaa mezani asubuhi nzima bila kunyanyuka hata kidogo. Mume wangu alilikata moja, akalinusa, akasema, "Levire inakufa mu baridi." Levire ndiyo hamira, sisi tunaiita hivyo. Na hamira mpya ilitoka ng'ambo ya mpaka kwa treni ambazo hazikuwa za kutegemea tena.

Sijapata kuona mtu akifanya kazi kwa woga namna ile. Kila asubuhi alipanga madonge yaliyotoka kwenye barafu, akangoja aone lipi litajitahidi. Lile lililonyanyuka zaidi kidogo kuliko wenzake alilikata kipande, akakilisha unga, maji na sukari, akakikuza, kisha akakirudisha kwenye baridi. Kesho yake vivyo hivyo. Iliyokufa imekufa, iliyobaki ndiyo aliyoizalisha. Akagundua pia kwamba hamira ikishaanza kazi ndipo baridi inapoimaliza, kwa hiyo tulikanda kwa maji baridi na kukimbilia bucha kabla donge halijaanza kuvimba.

"Usiiache iamuke, Mama," aliniambia. "Yenye kulala inapita mu baridi. Yenye kuamuka inakufa."

Baada ya wiki nyingi, Patroni akizidi kumwandikia karatasi kwa matumaini tu, mikate ikaanza kunyanyuka. Sisi hatukuwa na mtoto, na kwetu mtu aliyeoa huitwa kwa jina la mtoto wake. Basi wenzetu kazini wakatupatia mtoto. Yeye akawa Baba Levire, mimi Mama Levire. Walitucheka, nasi tukacheka nao. Jina lile nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Jumatatu moja ofisa wa majandarme akaja mwenyewe dukani. Alisema karatasi za Wakasai zimekuwa nyingi mno mjini, na anataka kuhakikisha kila moja. Mume wangu alikuwa bucha akipanga madonge. Ofisa alitupanga mstari mbele ya tanuri.

"Hapa nani njo anachunga levire?"

Siku zile, kutaja Mkasai mbele ya jandarme ilikuwa sawa na kumkabidhi. Mwishowe mwenzetu wa tanuri, mtu mwema kabisa, akadhani ameona njia ya kumficha mume wangu.

"Ni Mama Levire," akasema.

"Mama Levire njo nani?"

"Njo mie," nikaitika.

Ndiye mimi, nilisema, kama mtu anavyoitika akiitwa jina lake. Woga nao ulinisukuma: nilifikiri akinitazama mimi hatamtafuta yeye.

"Unaweza kuifanya peke yako?"

"Naweza, shefu."

Ilikuwa kweli, hilo ndilo baya. Ofisa akamgeukia Patroni. "Basi ule Mukasai iko na kazi gani hapa?" Patroni aliiona bunduki, akageukia tanuri. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na aliyeanguka ni mume wangu. Aliporudi akipangusa mikono, ofisa alikuwa ameshaondoka, na karatasi mpya iliyomngoja mezani ilikuwa vipande sakafuni.

Bila karatasi asingepita kizuizi hata kimoja akiwa hai. Mchana ule ule alipita njia za nyuma akakimbilia kambi ya Wakasai nje ya mji, walikokuwa wakiishi katika vibanda vya magunia wakilindwa na askari wa kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa. Alinikataza kumfuata. "Baki na kazi," alisema. "Tukienda bote wawili, nani atatuletea chakula?"

Asubuhi iliyofuata Patroni aliniita kando. Hakuweza kunitazama usoni.

"Mikate ikikatala kuumuka," alisema, "mi naenda kwa ofisa. Nitasema mwanamuke hawezi. Atamurudishia karatasi."

Basi nilijua la kufanya. Mchana ule nilikanda kwa maji ya vuguvugu, nikaacha madonge karibu na tanuri saa mbili nzima mpaka yakavimba, hamira yote iko macho, ndipo nikayapeleka kwenye baridi yafe. Ningeweza kutia chumvi nyingi. Ningeweza kumwaga chooni ile hamira tuliyoizalisha. Lakini chumvi ingeonjwa, na hamira ingetafutwa, na jambo hilo lingeitwa hujuma. Kwa hujuma watu walikuwa wakipotea. Nilitaka kosa langu lionekane ujinga tu. Nilimpenda mume wangu, na niliogopa, na mimi ndiye niliyepima hatari ipi inamtosha.

Asubuhi niliyapanga madonge mezani, mkono mmoja mfukoni kwenye rozari. Nilimwomba Mama Maria mikate isiumuke. Sala hiyo sijaiungama kwa padri yeyote. Patroni alisimama karibu nami, naye akitoka jasho, maana hata yeye hakutaka kwenda kwa ofisa. Saa ikapita. Donge la pembeni likaanza kunyanyuka, kisha la pili yake, kisha meza nzima. Hamira ile tuliizoesha baridi miezi mingi mno, na sasa ilikuwa haifi kwa kitu kidogo.

"Unaona, Mama Levire? Unaweza!" akasema Patroni, akishusha pumzi.

Jumapili nilipeleka mkate mmoja kambini. Mume wangu aliuminya, akaupasua, akaunusa kwa muda mrefu.

"Uliiacha iamuke," akasema.

"Iliamuka. Masaa mawili, pembeni ya moto."

"Na kiisha ikaingia mu baridi?"

"Ikaingia. Ikatoka muzima."

Uso wake uling'aa kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Katanga ijitenge. Akawaita Wakasai wenzake waje kuona, akawaeleza kwa lugha yao huku akiupitisha mkate mkono kwa mkono, kisha akanigeukia. "Tumeshinda, Mama! Ukate ile yenye imeumuka sana, uichunge." Nikamwambia nitaichunga. Treni ya kuwarudisha wakimbizi Kasai iliondoka naye kabla sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba niliiacha iamuke makusudi, ife.