Waya wa Kijani wa Mama Kiyono

Mama mkwe wangu, Kiyono, hatulii. Akimaliza kumenya figili anafagia, akimaliza kufagia anafua, na mashine ya kufulia iko nje upenuni, kwenye sakafu isiyokauka mvua za Juni zikianza. Nyumba yetu hapa mjini Takehara ni ya mbao, ya zamani; soketi zake zina matundu mawili tu na ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakuna. Waya wa kijani wa mashine marehemu baba mkwe aliufunga mwenyewe kwenye bomba la maji, kama walivyofanya wanaume wote wa mtaa huu. Ulifaa, mpaka watu wa maji walipokuja kung'oa mabomba ya chuma ardhini wakaweka ya plastiki, yasiyopitisha umeme. Nani aliukumbuka waya? Hakuna.

Nikaanza kumwona mama anafua na mabuti ya mpira, hata siku za jua kali. Nilipomuuliza, akasema miguu inamuuma. Miguu gani! Siku moja nikaigusa mashine, mkono ukarushwa. Kumbe muda wote huo anapigwa shoti na amenyamaza. Tangu hapo sikupata amani. Nikisikia mashine inazunguka, naacha sufuria motoni nakwenda kuchungulia kama bado amesimama.

Nikamwita fundi Mizobuchi. Akapima, akatikisa kichwa, akasema waya ule haufiki ardhini. Lazima apigilie fimbo ya shaba uani, kwenye udongo wenye unyevu, aunganishe hapo, kisha aweke swichi ya kukata umeme ukivuja. Mama akamwandalia chai na keki za mchele, halafu akamwambia kwa adabu zote aende zake. Waya ule aliufunga marehemu kwa mkono wake, na yeye hatamsuta mumewe mbele ya fundi.

Fundi akaanza kufunga mkoba wake. Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikavua viatu, nikakanyaga maji, nikanyoosha mkono kuelekea mashine iliyokuwa ikizunguka.

"Kama baba aliufunga vizuri, mama, basi hakuna neno," nikamwambia.

Akanipiga kofi mkononi, kofi hasa, akanivuta nyuma hadi nikaangukia ndoo.

"Fundi, rudi," akasema, bila kuniachia. "Mume wangu alikosea. Huyu bado yu hai. Pigilia hiyo fimbo."