Ufunguo wa Trekta Ulikuwa Kwangu

Siku yangu ya kwanza uwanjani sikupewa reki wala mashine ya kukatia nyasi. Nilipewa sindano ya kufumia sweta. Mtunza Uwanja Mkuu, mzee mrefu aliyeanza kupinda mgongo, aliitoa kwenye mfuko wa koti lake. Ilikuwa sindano ya chuma, mali ya marehemu mkewe. Akaniambia niichome ardhini mbele ya goli la kaskazini. Iliingia nusu, ikagoma.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikamwambia sikusikia kitu.

"Utasikia," akasema, akaenda zake kunywa kahawa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, mnaopata habari za udongo kwenye simu kabla hamjaamka kitandani. Sina ugomvi na simu zenu. Ila ile habari ya ufunguo wa trekta imesimuliwa sana hapa Stockholm na watu ambao hawakuwepo, na wengi huisimulia kana kwamba siku ile nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote, na leo ningefanya vilevile.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Nilikuja huku kusomea bustani kwa mwaka mmoja, mwaka ukazaa mwingine, nikabaki. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa makaburini, kupanda maua na kufyeka kingo za njia, ndipo nikahamia kwenye uwanja wa klabu ya mpira. Nilikaa Husby, mtaa wa pembezoni mwa jiji, na wenzangu wa kanisani walikuwa wauguzi, wasafishaji na madereva wa mabasi. Nilipowaambia kwamba nalipwa kutunza nyasi walinicheka mpaka wakatoka machozi. "Na ng'ombe je," waliuliza, "wanakuja lini?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini ya uwanja kuna mchanga, na ndani ya mchanga yamelazwa mabomba yanayopitisha maji ya moto wakati wa baridi, ili udongo usigande. Jani la juu hulala miezi yote ya giza, lakini mzizi uko hai na unahitaji hewa. Kila asubuhi nilichoma sindano sehemu tisa, kuanzia goli la kaskazini ambako kivuli cha jukwaa hakiondoki tangu Novemba. Ikizama yote, mpira unachezeka. Ikigoma, mchezaji akianguka atavunjika. Mzee yule alinifundisha hayo kwa miaka minne, halafu akastaafu, akaniachia sindano.

Aliyemfuata alikuwa Mkuu wa Matengenezo, na chini yake nilifanya kosa ambalo sitalisahau. Januari moja aliniagiza nizoe theluji yote uwanjani kwa sababu kulikuwa na wageni wa kupigwa picha. Moyoni nilijua si sawa, maana theluji ni blanketi. Lakini nilikuwa mgeni, mwanamke, na mweusi kuliko wote kwenye karakana, nikatii. Nikazoa. Usiku wa pili ikanyesha mvua, ikaganda, na barafu ikaufunika uwanja wiki tano bila kupitisha hewa. Ilipoyeyuka, nyasi zilikuwa zimekufa zinanuka uji uliochacha. Kwenye kikao Mkuu wa Matengenezo alisema mbele yangu kwamba mtunza nyasi ndiye aliyeshauri. Nilinyamaza, na kile kimya kiliniuma kuliko zile nyasi. Nikajiapiza kwamba sitanyamaza tena.

Miaka ikapita, ukaja msimu ule. Klabu yetu haikuwa tajiri, lakini ilijikuta kwenye mashindano ya vilabu vya Ulaya, ikapenya makundi, ikafika hatua ya mtoano. Hapo timu mbili hukutana nyumbani na ugenini, na anayeshindwa anafungasha. Haikuwahi kutokea tangu nifike. Mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani, Februari, mwezi ambao hapa hata mbwa hutoka nje kwa kubembelezwa.

Masharti yalikuwa wazi. Kamishna wa mechi angekuja siku moja kabla kukagua uwanja. Akiukataa, mechi ingehamishiwa nchi nyingine, kwenye uwanja mtupu, na watu wetu wangeitazama kwenye televisheni. Jirani yangu Papa Freddy, Mkongo, mtunza majengo pale Husby, alikuwa ameifuata timu ile miaka ishirini na moja na skafu ileile. Kila tulipokutana kwenye lifti aliniuliza swali moja: "Mama, udongo unasema nini?"

Siku sita kabla ya mechi, theluji ilikuwa imefika magotini. Meneja wa Uendeshaji, kijana nadhifu aliyetoka kwenye kazi ya mahoteli, alikuja karakana akiwa na karatasi mkononi.

"Theluji iondolewe leo," alisema. "Kamishna akija aone kijani."

"Ikiondolewa leo ataona jiwe," nikamjibu. "Baridi ya nyuzi kumi na sita chini ya sifuri inakuja kesho."

"Mabomba ya joto yako chini."

"Pampu moja imekufa tangu Krismasi. Nilikuandikia mara mbili. Joto lililobaki linatosha kama kuna blanketi juu. Ukilivua, halitoshi."

Alitabasamu kwa upole, kama wanavyotabasamu mabosi wa huku wakiwa wameshaamua. "Nasikia unachosema. Lakini tumekubaliana kwenye kikao."

"Mimi sikuwa kwenye kikao."

"Kilikuwa kikao cha uongozi."

Kabla hajaja kwangu alikuwa ameshamtuma mtu mwingine kuzoa uwanja mdogo wa mazoezi uliokuwa ubavuni, na trekta yetu pekee ndiyo kwanza ilikuwa imerudi, inatoa moshi mlangoni. Alipoondoka nilisubiri injini ipoe. Nikachomoa ufunguo, nikautia kwenye mkoba wangu kando ya bakuli la chakula. Sikujificha. Kwenye ubao wa kazi niliandika kwa herufi kubwa: UFUNGUO NINAO MIMI, na jina langu chini yake. Halafu nikapanda treni kwenda nyumbani.

Simu ilinikuta navua buti.

"Rudisha ufunguo," alisema Meneja. Sasa hakuwa akitabasamu, nilisikia.

"Nitaurudisha siku ya mechi."

"Unaelewa unachokifanya?"

"Naelewa kuliko mwaka ule nilipozoa."

Mtaniuliza mbona hakutumia ufunguo wa akiba. Wa akiba ulipotea enzi za Mkuu wa Matengenezo, na hilo pia nilikuwa nimeliandikia barua. Mbona hakukodi kampuni ya kuzoa theluji? Alipiga simu kote, lakini wote walikuwa barabarani na theluji ya mji mzima. Binti yangu Neema, ambaye hunijibu kwa Kiswidi hata nikimwombea dua kwa Kiswahili, aliniambia niurudishe kabla sijafukuzwa. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Sitawadanganya, niliogopa. Siku nne zile nilikwenda kazini na hakuna aliyenisemesha. Kwenye meza ya kahawa viti viwili vya kila upande wangu vilikaa vitupu. Nikikosea, mechi inahama, Papa Freddy anabaki na skafu yake mbele ya televisheni, na mimi ninakuwa yule Mwafrika aliyeiba ufunguo. Kila asubuhi nilichimba vishimo tisa kwenye theluji, nikachoma sindano, nikavifukia tena. Ilizama, lakini hilo nililijua mimi peke yangu.

Kamishna alifika mchana wa siku iliyotangulia mechi. Alikuwa mtu mfupi kutoka kusini mwa Ulaya, amevaa viatu vya mjini. Alisimama kwenye mlango wa wachezaji, akatazama theluji yote ile, akamgeukia Meneja.

"Uwanja uko wapi?"

Meneja akanitazama mimi. Siku hiyo hakukuwa na kikao.

Sikumjibu Kamishna. Nilichukua beleshi la plastiki, nikatembea mpaka goli la kaskazini, nikafungua mraba mdogo. Nyasi zilikuwa zimelala, njano kidogo kwenye ncha, laini. Nikampa sindano na kumwonyesha kwa mkono achome. Akainama. Sindano ikazama mpaka kichwani. Akaichomoa, akaitazama, akataka sehemu nyingine. Tulizunguka zote tisa, viatu vyake vimelowa chapachapa, hakulalamika.

"Na pale?" akauliza, akionyesha uwanja wa mazoezi, ule uliozolewa, ulioonekana safi na kijani kutoka mbali.

"Jaribu," nikamwambia.

Akachoma. Sindano haikuingia hata urefu wa kucha. Alipokaza, ikapinda. Akanirudishia kwa adabu, akaandika kwenye daftari lake muda mrefu.

"Uwanja mkubwa nimeukubali," akasema. "Lakini nani ataiondoa theluji yote hii kabla ya kesho jioni? Trekta itauharibu udongo laini."

"Watu," nikasema.

Watu wenyewe sikuwa nao bado. Meneja, nimpe haki yake, aliwatangazia mashabiki mchana uleule, maana huku mashabiki kuzoa theluji ya timu yao ni desturi ya zamani. Mimi nilituma ujumbe kwenye kundi la simu la Waswahili wa Stockholm, niliandika mistari miwili tu. Asubuhi walikuja. Wazee wa Vällingby na makoti yao mazito, wauguzi wa Kikenya waliotoka zamu moja kwa moja, Watanzania kutoka Skärholmen na thermosi za chai ya tangawizi, na Waswidi wengi waliopakwa rangi za klabu mashavuni. Niliwapanga mstari kutoka goli hadi goli. Masharti yangu yalikuwa mabeleshi ya plastiki tu, na waache theluji unene wa vidole viwili, hiyo tutaifagia kwa brashi.

Papa Freddy alikuja na beleshi lake la chuma la kazini.

"Papa, hilo liache nje," nikamwambia. "Litakata mizizi."

"Mama, hii iko ya nguvu. Hizo za plastiki ziko za batoto."

"Basi leo kuwa mtoto."

Alinung'unika kwa Kifaransa, akalichomeka beleshi lake kwenye rundo la theluji nje, akachukua la plastiki jekundu. Hakupumzika hadi saa nane. Saa tisa tulikuwa tumemaliza. Nilikwenda ofisini kwa Meneja, nikaweka ufunguo mezani kama nilivyoahidi. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, maana naye alizoa.

Jioni ile tulifungwa moja bila, na ugenini tukafungwa tena, tukatoka. Nasema hivyo bila aibu. Walikuwa bora kuliko sisi. Lakini hakuna mchezaji aliyeteleza dakika tisini nzima, na kesho yake magazeti hayakusema neno lolote kuhusu uwanja. Katika kazi yetu hiyo ndiyo sifa. Papa Freddy alilia jukwaani, akaniambia baadaye kwamba alilia akiwa nyumbani kwake, akimaanisha pale uwanjani.

Wiki moja baadaye Meneja aliniita. Mezani kulikuwa na barua ya onyo. Ilieleza kwamba nimezuia kifaa cha kazi, na chini palikuwa na mstari wa sahihi chini ya maneno haya: nimeelewa na nakubali kosa langu.

"Kila mtu anakushukuru," alisema. "Lakini utaratibu ni utaratibu."

"Nimeelewa," nikasema. "Kukubali ndiko kusikokuwepo."

Barua ikabaki kwenye faili bila sahihi. Kila mwaka, kwenye mazungumzo ya mfanyakazi na mkuu wake, ilitolewa, nikaulizwa, nikakataa, ikarudishwa. Meneja akahama, akaja mwingine, naye akahama. Pampu ilitengenezwa. Mabosi wapya walijifunza kuniuliza kabla ya kuzoa. Wote walinitaka niweke sahihi, kwa upole uleule.

Nilistaafu mwaka jana. Walioka keki yenye nyasi za sukari, Neema akaja na wajukuu, Papa Freddy akaja na skafu. Mkuu wa Uwanja wa sasa, msichana mchapakazi ninayempenda, alinivuta pembeni akiwa na faili. Alisema ni suala dogo, niweke sahihi ili wafunge kumbukumbu zangu, nimalize kazi nikiwa safi. Akanipa kalamu.

Magoti yangu yameisha, mgongo wangu umepinda kama wa yule mzee wa kwanza. Ningeweza kumfurahisha msichana yule kwa sekunde mbili. Lakini nilikumbuka harufu ya uji uliochacha, na jinsi nilivyonyamaza siku ile. Nikatoa sindano mfukoni, bado ina ule mpindo wa uwanja wa mazoezi, nikamwekea kiganjani.

"Hii ni yako," nikamwambia. "Anza na goli la kaskazini."

Kalamu nilimrudishia pia, ikiwa bado na kifuniko chake.