Nahodha wa Tani Mia Tatu

Kiwandani walimwita Bi Lebo, kwa sababu hakuna katoni ya minofu iliyotoka mle bila kupitia mikononi mwake. Alibandika kila moja lebo yenye kimraba cha vidoa vyeusi. Mteja wa ng'ambo, akiwa dukani kwao, huelekeza simu kwenye kile kimraba na papo hapo anaambiwa samaki wake alivuliwa lini, kwa chombo gani na nahodha gani. Wenzetu hao hawali samaki wasiyemjua ukoo wake.

Ukoo wenyewe sasa! Samaki walifika asubuhi ndani ya lori la barafu, wamekusanywa kwa wavuvi mia na ushei, wamechanganyika kama nguo za kufua. Mashine ya kuchapa lebo nayo ilitaka nahodha mmoja mwenye leseni hai. Ukiacha wazi, inagoma.

"Weka yeyote anayepita," msimamizi alimwambia, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha chai.

Bi Lebo akaweka wa kwanza aliyemjia kichwani, baba yake. Mzee alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, lakini leseni yake, aliyoikata ya miaka mitano kwa matumaini ambayo hakuna aliyeyaelewa, ilikuwa bado hai. Ikapita. Kesho yake akamweka tena, na keshokutwa, hadi ikawa raha yake. Alimkumbuka sana baba, na kila asubuhi kwa dakika moja alimpeleka kazini.

Alipokuwa hai, mzee hakuwa na mazoea ya kurudi na samaki. Mkosi ulimganda. Wavuvi wenzake walimbatiza Ndoo Kavu, na mkewe akauvumilia utani huo miaka arobaini. Sasa, akiwa marehemu wa miaka miwili, alikuwa ameshavua tani mia tatu.

Ndipo barua ikaja. Wateja wa ng'ambo walikuwa wamempenda nahodha huyu hodari, wanunuzi wameamua kumpa tuzo, na mkaguzi wao anakuja kumwona kwa macho na kumpiga picha. Msimamizi aliisoma mara mbili, jasho likamtoka.

"Nahodha asipoonekana, cheti cha kiwanda cha kuuza ng'ambo kimekwenda," alisema. "Na aliyeandika ni wewe, dada yangu. Utakwenda nacho."

Bi Lebo na mama yake waliishi kwa kazi hiyo tu. Kwa hiyo msimamizi alipomchukua mlinzi wa getini, mzee mwenye mvi za kuaminika aliyewahi kuvua ujanani, akamvalisha kofia mpya na kumkaririsha jina la marehemu la kwenye leseni, ambalo hakuna mvuvi aliyewahi kulitumia, Bi Lebo aliendelea kubandika lebo zake.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole mwenye kishikwambi. Walikaa chumba cha mikutano pamoja na mlinzi, msimamizi na Bi Lebo, feni ikizunguka kwa kelele.

"Mzee wangu, siri yako ni nini?" aliuliza.

Mlinzi hakuwa amekaririshwa siri yoyote, lakini kiti cha heshima kilikuwa kimeshamlevya. "Siri ni mkono, mama. Kuna watu wamezaliwa na mkono, na kuna wengine, Mungu awasamehe. Tulikuwa na mwenzetu mmoja hapa, marehemu sasa. Tulimwita Ndoo Kavu. Huyo akitia nyavu majini, samaki wanahama! Mkewe alikuwa akiinjika chungu cha maji matupu." Akacheka mpaka kofia ikamwendea upande. Msimamizi akacheka zaidi yake.

Mkaguzi akatabasamu, akamsogezea Bi Lebo kishikwambi na kalamu yake. "Weka sahihi hapa, kama shahidi, kwamba huyu ndiye nahodha aliyeandikwa."

Bi Lebo aliishika ile kalamu. Hasira ilimpanda, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Huyu ni mlinzi wetu wa geti," alisema. "Aliyeandikwa humo ni baba yangu. Amekufa. Ndiye huyo Ndoo Kavu mnayemcheka."

Mlinzi alivua kofia.

"Sasa hizi tani mia tatu alivua nani?" mkaguzi aliuliza.

"Watu wengi. Mashine haina nafasi yao."

Mkaguzi alitafuta kwenye kishikwambi chake mahali pa kuliandika jambo hilo. Hakupaona. Baada ya kuhangaika sana akabonyeza "nahodha amestaafu", akaguna, akaomba maji ya kunywa. Cheti kikasimamishwa saa nne. Bi Lebo alifukuzwa saa tano kasoro.

Alimkuta mama yake akianika nguo, akamweleza yote bila kupunguza, hata habari ya chungu. Kisha akamwomba radhi kwa kumwaga unga wao.

Mama alikung'uta shuka, akalibana kambani pole pole.

"Ungetia sahihi, ningekulaumu," alisema. "Huyo wa tani mia tatu mimi simjui. Hakunioa huyo."